Mistari Aliyoiruka Kitinda

Nyumbani walimwita Kamusi tangu akiwa darasa la tatu, kwa sababu ukimuuliza neno moja alikupa na ndugu zake wote. Alipoingia chuo kikuu akachagua Kigiriki cha kale, Kilatini na historia ya ustaarabu wa watu hao, baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, aliuliza kama yupo mtu duniani anayezizungumza lugha hizo akiwa sokoni. Kamusi akasema hayupo. Baba akauliza, basi kwa nini asiwaache hao wafu wapumzike. Wakacheka wote watatu, na kwa kicheko hicho ruhusa ikawa imetoka. Mtaani utani haukuisha. Mwenye duka la mkabala kila akimwona anapita na begi lake alimuuliza wafu hawajambo, na Kamusi alimjibu kwamba hawajambo, wanakusalimu, wanauliza utaenda lini.

Wa tatu katika nyumba hiyo alikuwa mdogo wake, kitindamimba, ambaye jina hilo lilifupishwa likabaki Kitinda. Mama yao alifariki Kitinda hajaanza shule. Kamusi, naye mtoto tu, ndiye aliyemwogesha, aliyemfungia vifungo vya sare na aliyemfundisha kusoma kwa pakiti za sukari na sabuni. Lakini vitabu na Kitinda havikuelewana. Akili yake ilikuwa kwenye vidole. Alipomaliza shule alikwenda kwenye saluni ya mama mmoja waliyemwita Madamu, na haukupita muda wateja wakawa wanaingia na kuuliza yule binti mwenye mkono mwepesi yuko wapi. Madamu alimwahidi kiti cha pili, kile cha karibu na dirisha. Kitinda alikuwa tayari amekichagulia kitambaa cha kukifunika.

Macho ya Kamusi yalianza kumsaliti mwaka wake wa pili chuoni. Alijua mambo si sawa, ila alijua pia kwamba baba akisikia atamtoa chuoni kesho yake, basi akajifanya hamnazo. Akawa anasogeza kitabu puani, anakaa penye mwanga, anajigonga kwenye fremu za milango na kusema mawazo yalikuwa mbali. Ni Kitinda aliyemwona siku moja akimimina chai nje ya kikombe na kuendelea kumimina. Hospitalini daktari alimulika, akamulika tena. Presha ya macho, alisema. Ilikuwa imekula kuanzia pembeni kuelekea katikati, na ilichokwisha kula hakirudi. Angeletwa mapema, wangeokoa kitu. Baba alitoka nje akaenda kusimama ameuegemea ukuta. Yeye aliyekaa mbele ya cheche tangu ujana wake, mara nyingine bila hata kinyago, macho yake yalikuwa mazima.

Mwaka ule ulipokwisha, Kamusi aliweza kutofautisha dirisha na ukuta, basi.

Walikwenda chuoni wote watatu. Mkuu wa idara, mama mpole mwenye haraka zake, alisema chuo kinasikitika. Kwa masomo mengine vitabu vya nukta nundu vipo, na mashine za kusoma kwa sauti zipo. Kwa Kigiriki cha kale, hapo chuoni, hakuna. Akashauri Kamusi ahamie fani nyingine. Aliyekataa ni mhadhiri mkongwe ambaye wanafunzi walimwita Mzee Vitenzi, kwa kuwa aliingia darasani akinyambua kitenzi kabla hata ya kusalimia. Alisema hajapata mwanafunzi kama huyu kwa muda mrefu na hatakubali kumpoteza. Maandishi hayo, alieleza, enzi zake yalisomwa kwa sauti. Wenye mali walilala vitandani wakasomewa na watumwa.

"Tafuta mtu wa kukusomea," alimwambia Kamusi, "mimi nitakutahini kwa mdomo."

Wote wakashukuru. Neno lile, watumwa, liliwapita wote isipokuwa Kitinda, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, begi la dada yake mapajani.

Jioni ile ile, wakiwa mezani, baba alikata shauri. Kitinda ndiye atakayesoma. Hakusema labda, wala hakuuliza unaonaje. Kitinda alifungua mdomo ataje saluni, ataje kiti cha dirishani, ataje ahadi ya Madamu. Akamwona dada yake anapapasa ukingo wa sahani kwa kidole ili ajue chakula kinaanzia wapi. Akaufunga mdomo.

Baba ndiye aliyetengeneza herufi. Alikata nondo nyembamba zilizobaki kwenye mageti, akazikunja moja moja kwa koleo kwa kufuata ukurasa aliofunuliwa na Kitinda, akazisugua ncha zisichome. Kamusi alizishika, akazitaja: alfa, beta, gama. Kitinda akatazama, akarudia, akaandika. Zikaja na zile alama ndogo juu ya irabu, moja inapinda kulia, nyingine kushoto, nyingine kama unywele uliodondoka, na kila moja ina kazi yake. Ilimchukua wiki nyingi, na machozi yake aliyalia bafuni. Mwisho wake aliweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama na bila kuelewa hata neno, kama mtu anayetaja majina ya mitaa ya mji asiowahi kufika.

Wakawa wanakaa chumbani mwao kila siku baada ya chakula cha mchana, Kamusi kitandani ameegemea mto, Kitinda kwenye kigoda, kitabu magotini. Na hapo Kitinda akamjua dada mwingine. Yule aliyemfungia vifungo hakuwepo. Huyu alikuwa na kidole kinachogonga ubao wa kitanda. Rudia. Usivute. Hiyo ni alama ya pumzi, umeimeza. Hilo si neno, umeunganisha mawili. Kitinda alirudia mpaka koo likakauka. Alipouliza mwanzoni kabisa kinasemwa nini, Kamusi alimjibu kwamba asitafute maana, akianza kutafuta maana ataanza kubahatisha, yeye asome tu kilichoandikwa.

Siku moja, katikati ya ukurasa, Kamusi aliangua kicheko. Alicheka mpaka akafuta macho yale yasiyoona. Kitinda hakuwa amesikia kicheko hicho tangu hospitali, naye akaanza kucheka, akauliza, kuna nini, wamesema nini. Kamusi akapunga mkono, akasema haielezeki, inachekesha kwa Kigiriki tu. "Endelea," akasema. Kitinda akaendelea. Lakini jambo lile lilimkaa moyoni. Alijiona kama spika: sauti inapita ndani yake kwenda kwa wengine.

Kitabu walichokishika mwaka wa mwisho kilikuwa cha mwanahistoria mmoja wa zamani, simulizi ya mji uliozingirwa na maadui mpaka chakula kikaisha. Hayo Kitinda aliyajua kwa sababu Kamusi aliyadokeza, akampa na jina la mji. Tasnifu yake ya kumalizia shahada ingehusu kitabu hicho.

Mchana mmoja Madamu alituma ujumbe. Ana bibi harusi na wapambe wake, mikono haitoshi, Kitinda aje amwokoe, na ajue kwamba kile kiti bado kitupu. Kitinda akaomba ruhusa. Kamusi akasema amalize kwanza sura waliyoianza. Sura ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa limeshaanza kuhama kwenye sakafu, na Kitinda akilini anaona vichwa vimekaa kwenye foleni, Madamu anatazama mlango. Akafunua ukurasa. Jicho lake likashuka lenyewe mpaka chini, kwenye nukta, na akaanza kusoma kutokea hapo. Nusu ya ukurasa ikawa imekwenda. Kamusi alikunja uso kidogo, kidole kikasimama hewani, lakini hakugonga. Kitinda akamaliza sura, akaweka kitabu rafuni, akatoka mbio. Saluni walimpokea kwa vifijo. Vidole vyake vilifurahi siku ile kama vimetoka kifungoni.

Mara ya kwanza ni ngumu. Ya pili aliruka mistari mitatu tu, kwa sababu kichwa kilimuuma. Kisha ikawa akigombezwa anaruka, akisinzia anaruka, kukiwa na joto anaruka. Alijifunza kuruka vizuri, kutoka nukta hadi nukta, bila sauti kutetereka. Hakuwa akimchukia dada yake. Alikuwa akijilipa, ndivyo alivyojiambia, kwa muda wake uliochukuliwa bila kuombwa.

Kisha akaanza kuyaona matokeo. Kamusi alikuwa akisimama katikati ya maelezo na kusema, "Hapa sielewi." Alimwomba Kitinda asome tena, na Kitinda, ili asishikwe, aliruka tena pale pale. Kamusi alishika kichwa. Alianza kumuuliza baba kama bibi yao mzaa mama aliharibikiwa akili kabla ya kufa, na alikuwa na umri gani ilipoanza. Alijipa mazoezi ya kukariri. Kitinda alimkuta mara moja amekaa peke yake, midomo ikicheza, akinyambua vitenzi vya mwaka wa kwanza kama mtoto anayepimwa.

"Macho niliyakubali," alimwambia Kitinda. "Hiki kichwa nacho kikienda, nitabaki na nini?"

Kitinda alilijua jibu. Alitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Akamwambia amechoka tu, alale kidogo.

Angelisema wiki ile, pengine yangeisha kwa ugomvi na machozi. Lakini wiki iliyofuata Kamusi aliamka na uso mwingine. Alimwita Kitinda upesi achukue kalamu. Alikuwa ameliwaza lile shimo kwenye sura ya mji uliozingirwa, alisema, lile lililokuwa likimtia wazimu, na sasa amelielewa. Si yeye asiyeelewa. Ni mwandishi ndiye aliyenyamaza. Mwandishi anawaleta watu mpaka langoni, wazee, watoto na wasioweza kushika mkuki, kwa kuwa mji hauna tena cha kuwalisha. Anawasimamisha pale. Halafu anahamia kwenye kikao cha majemadari, na watu wale hawatajwi tena mpaka mwisho wa kitabu. Wamekwenda wapi? Hasemi. Anasema kila kitu kingine, hata bei ya punda, lakini hilo hasemi. Kwa hiyo ukimya wake ndio ushahidi.

Alikuwa anang'aa. Alitembea chumbani bila kupapasa. Alisema hajaona mtu mwingine aliyeliandika jambo hili, na vitabu vichache vya maktaba walivyovisoma havikuligusa. Alimpigia simu Mzee Vitenzi, aliyekuwa kwa binti yake akiuguza nyonga iliyofanyiwa upasuaji, na mzee akasema kitabu hicho hakukigusa siku nyingi na hapo alipo hana, lakini wazo linamvutia, aandike. Kamusi akaandika, yaani alisema, na Kitinda akaandika. Kwa mkono wake mwenyewe Kitinda aliandika kwamba ukimya huu si wa bahati mbaya. Aliandika namba ya kifungu. Na kifungu hicho alikijua. Ndicho cha siku ya bibi harusi.

Alingoja Kamusi alale, akakifungua kitabu. Nusu ya ukurasa ilikuwepo, nyeusi, imebanana, haijaenda popote. Aliitazama bila kujua inasema nini. Pengine haihusu watu wale, alijiambia. Pengine ni bei ya punda. Na hata kama inawahusu, atamwendeaje sasa, mtu aliyesubiri furaha muda wote ule, amwambie hiyo furaha yako ni uvivu wangu? Akajikaza kisabuni. Akaandika sura ya pili ya tasnifu, na ya tatu, na hitimisho, kwa mwandiko safi kuliko wote aliowahi kuandika maishani mwake.

Mtihani wa mdomo ulifanyika kwenye chumba kidogo cha mikutano, chenye meza ndefu, viti vya plastiki na kiyoyozi kinachovuja kwenye ndoo. Mzee Vitenzi alikuja na fimbo, amekonda. Mkuu wa idara alikuwepo. Wa tatu alikuwa mtahini wa nje, mama wa makamo kutoka chuo kingine, mwenye miwani aliyoisukuma juu kwa kidole cha kati. Kitinda aliwekewa kiti ubavuni mwa dada yake.

Mambo yalianza vizuri. Kamusi alijibu maswali ya sarufi bila kusita, Mzee Vitenzi akitikisa kichwa kama anayesikia wimbo aupendao. Kisha mtahini wa nje akaifungua tasnifu. Alisema imeandikwa kwa akili nyingi kuliko nyingi alizozisoma mwaka huo, na ndiyo maana haelewi kitu kimoja. Akauliza kama wanacho kitabu. Kitinda akakitoa. Mtahini akataja kifungu, akafungua nakala yake, na wenzake wawili wakainama kuitazama pamoja naye.

"Msomaji atusomee," alisema. "Kuanzia pale wanapofika langoni."

Kitinda aliangalia ukurasa. Hapakuwa na pa kupita. Macho sita yalikuwa juu ya mistari ile ile. Akaanza, na alipofika pale alipozoea kuruka, hakuruka. Maneno yale hayakuwa yamewahi kupita mdomoni mwake. Alisoma polepole, pumzi zote, alama zote, mpaka chini kwenye nukta.

Hakuthubutu kumwangalia dada yake. Aliuona mkono wake tu juu ya meza, vidole vimetulia tuli.

"Naomba nifasiri," Kamusi alisema.

Akafasiri. Hakuwa amewahi kuyasikia maneno yale kabla ya dakika hiyo, na aliyafasiri moja kwa moja, kwa sauti isiyo na chochote ndani yake. Kwamba jemadari, na mwandishi alimtaja kwa jina lake na la baba yake, aliamuru lango lifunguliwe na watu wale watolewe nje. Kwamba maadui waliwarudisha kwa mikuki, hawakuwataka. Kwamba waliporudi walikuta lango limefungwa. Wakakaa katika handaki kati ya ukuta na kambi, wakila nyasi. Kila asubuhi ndugu zao walipanda ukutani wakawaita kwa majina, na kila asubuhi waliojibu walipungua. Kwamba siku ya mwisho alijibu mtoto mmoja, naye hakuna ukutani aliyekuwa amemwita.

Maji ya kiyoyozi yalidondoka kwenye ndoo. Hivyo ndivyo Kitinda alivyojua kwa mara ya kwanza alichokuwa anakisoma.

Mtahini wa nje alivua miwani. Alisema tafsiri ni nzuri sana. Basi imekuwaje tasnifu nzima isimame juu ya madai kwamba mwandishi hakusema neno juu ya watu hawa?

"Sehemu hii sikuisoma," Kamusi alisema.

"Hukuisoma, au hukusomewa?"

Mtahini alikuwa anamtazama Kitinda. Mzee Vitenzi naye alikuwa anamtazama Kitinda, na fimbo yake ilikuwa imeteleza chini bila yeye kujua. Kitinda alifungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, mkono wa dada yake ulikuwa umemshika juu ya goti, chini ya meza, kwa nguvu iliyouma.

"Mwanafunzi ni mimi," Kamusi alisema. "Mimi ndiye sikuisoma."

Tasnifu ikakataliwa. Sarufi na tafsiri alifaulu. Hilo likamwokoa asifukuzwe kabisa. Akapewa nafasi ya kuandika upya na kutahiniwa tena mwaka unaofuata.

Njiani Kitinda alimshika mkono kuvuka barabara kama kawaida, na Kamusi akamwachia ashikwe. Nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake.

"Wapi kwingine?" aliuliza.

Kitinda akaanza kulia, akaanza kueleza habari za saluni, na kiti, na kicheko kile, na jinsi alivyotaka kusema. Kamusi akamwacha amalize.

"Sikuulizi kwa nini. Nauliza wapi. Katika kitabu hiki na vingine. Nitajie kurasa."

Kitinda alifikiri. Alijaribu kweli. Alikumbuka mchana wa joto, alikumbuka kichwa kumuuma, lakini ni kitabu gani siku hiyo, ukurasa gani, hakuwa na hata alama moja. Kwake kurasa zote zilifanana.

"Sikumbuki, dada."

Kamusi akavua viatu, kimoja kimoja. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma majibu ya kipimo chake mwenyewe, "Basi sijui ninachokijua."

Baba aliambiwa kwamba Kamusi alikosea kifungu. Kitinda hakuweza kulibeba hilo. Siku chache baadaye alimfuata karakana akamweleza yote, akisimama kati ya mageti yaliyoegemezwa ukutani. Baba alikuwa anasugua bawaba kwa msasa. Hakuacha kusugua mpaka alipomaliza, na ikamchukua muda. Alisema kosa la kwanza lilikuwa lake, alimtoa mtoto kazini kama mtu anayehamisha ngazi. Kitinda alipodhani amesamehewa, baba akaongeza kwamba la kwanza halifuti la pili. Arudi akakae kwenye kigoda chake.

Na hakukuwa na njia nyingine. Katika mji mzima hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kuzisoma herufi zile kwa sauti na akawa na mchana mtupu. Kamusi alimhitaji mtu yule yule. Wakaanza upya, kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza. Safari hii Kamusi hakukaa kitandani. Alikaa kwenye kigoda kingine bega kwa bega naye, akamshika kifundo cha mkono, na Kitinda akasoma huku kidole chake kinafuata mstari, ili Kamusi ausikie mkono unavyokwenda hadi mwisho, unavyorudi, unavyoshuka. Ukishuka haraka mno, vidole vilikaza. Hakumgombeza tena. Hakugonga ubao. Kitinda alitamani agombezwe. Jioni alikuwa na alama nyekundu kwenye ngozi, nazo hazikuwa zimepona walipokaa tena.

Mara moja, walipofika kwenye kurasa fulani, Kamusi alimweleza maana bila kuulizwa. Ilikuwa juu ya mzee aliyepoteza kiatu kimoja kwenye sherehe. Ndicho kilichomchekesha siku ile. Alieleza kwa ukamilifu, kila neno, na hakuna aliyecheka.

Kile kiti cha dirishani kilipata mwenyewe. Madamu alimletea Kitinda habari hiyo mwenyewe, kwa uungwana, akasema hangeweza kusubiri milele.

Mzee Vitenzi alifariki kabla ya mtihani wa pili. Kamusi alikwenda mazikoni akasimama nyuma. Alitahiniwa na mkuu wa idara na mtahini mwingine wa nje, kijana aliyeangalia simu. Tasnifu yake mpya ilikuwa juu ya matumizi ya kitenzi fulani, jambo ambalo lilihitaji kuhesabu tu, na ambalo hakuna mtu angelibishia. Alifaulu kwa daraja la chini. Mkuu wa idara alimpongeza, akaongeza kwamba nafasi za ufundishaji msaidizi zimesitishwa, na somo lenyewe huenda lisipokee wanafunzi wapya.

Alipata kazi ya kupokea simu katika ofisi ya maji, na watu walimsifu kwa kuikumbuka sauti ya kila mteja. Kitinda naye alipata saluni nyingine, ya mbali, ambako alianza upya kwa kufagia nywele. Jioni walikula pamoja, wakaambiana yaliyotokea kazini, na Kamusi alikuwa mpole kwake, mpole kama mtu anavyokuwa kwa mgeni aliyelala kwao. Vile vitabu vilipangwa rafuni na havikushushwa. Yule wa dukani aliacha kumuuliza habari za wafu.

Wakati fulani macho yalianza kumuuma Kamusi, ingawa hayakuwa na kazi tena, na daktari akampa dawa ya matone na vidonge. Kitinda alisoma maandishi kwenye chupa na kwenye pakiti ya vidonge: tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, vidonge baada ya kula, visizidi viwili. Kamusi akashukuru. Aliiweka chupa mezani mbele yake, akakaa nayo, mikono imeikumbatia.

Baba aliporudi, kabla hajanawa, Kamusi alimpa chupa na ile pakiti, akamwomba amsomee. Baba alitafuta miwani yake, akaivaa, akaisogeza chupa kwenye taa. Kitinda alikuwa anaosha vyombo, mgongo umewaelekea. Alifunga bomba. Alimsikia baba akisoma polepole, neno kwa neno, kwamba ni tone moja kila jicho, asubuhi na jioni.

"Na vidonge?" Kamusi aliuliza.

Baba akamsomea na vidonge.